Kwa Nini Picha Zina Jumba Lake na Milango Ina Jumba Lake?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni fundi wa milango na masanduku hapa Unguja, kazi niliyoachiwa na marehemu baba. Nimealikwa London kuonyesha uchongaji, na baada ya shughuli nitabaki na siku mbili za kutembea. Mwenyeji wangu ananiambia sanaa zenyewe ziko National Gallery, jumba la picha, na kazi za aina yangu ziko V&A, yaani makumbusho ya Victoria and Albert, kwenye "sanaa za mapambo". Nani alikata mpaka huo, na lini? Na kwa siku mbili hizo niende wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Hongera kwa mwaliko, na shukrani kwa swali, maana wengi huingia katika majumba hayo wakatoka wakiamini kwamba mpaka huo umeumbwa pamoja na dunia. Haukuumbwa. Ulikatwa na watu ambao majina yao tunayajua, katika miaka tunayoijua, na kila aliyeukata alikuwa na lake: mmoja alitaka heshima, mwingine alikimbia ada za chama cha mafundi, mwingine aliogopa kupoteza soko. Mwenyeji wako hakukosea kukutajia majengo hayo. Pale aliposema "sanaa zenyewe" ndipo simkubalii kwanza.

Tuanzie Florence, Italia. Katika karne ya 14 na ya 15, mchoraji wa mji ule alikuwa fundi mwenye duka. Vijana wake walisaga rangi na kuandaa mbao, naye alipokea kazi yoyote iliyoingia mlangoni: picha ya kanisani leo, sanduku la bibi harusi kesho, bendera ya msafara wa sikukuu keshokutwa. Alikuwa mwanachama wa chama cha matabibu na wauza dawa, kwa sababu rangi zilinunuliwa kwa wauza dawa. Wafua dhahabu waliwekwa pamoja na watu wa hariri. Wachonga mawe na maseremala nao walikuwa na chama chao. Lorenzo Ghiberti, aliyeshinda mashindano ya 1401 ya kutengeneza milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo ya Florence, alilelewa katika ufuaji dhahabu. Akaimaliza, akapewa kazi ya milango mingine ya jengo lile lile, na hiyo ilimshika kuanzia 1425 hadi 1452. Miaka 27 kwa jozi moja ya mbawa, fundi! Mji ukamlipa, na hakuna aliyesimama kuuliza kama mlango ni sanaa au si sanaa.

Kisha ukafika mwaka 1563. Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo, alimshawishi mtawala wa Florence, Cosimo wa ukoo wa Medici, aanzishe akademia ya wasanii. Hoja iliyokuwa nyuma ya akademia hiyo ilikuwa hii: uchoraji, uchongaji wa sanamu na usanifu wa majengo ni ndugu watatu, na baba yao ni mchoro, yaani wazo linaloundwa akilini kabla mkono haujagusa kitu. Basi mwenye kazi hizo tatu ni mtu wa akili, astahili kukaa na washairi na wanazuoni, asihesabiwe pamoja na watu wa vyama. Mwaka 1571 Cosimo akawaondolea wanaakademia wajibu wa kuwa ndani ya vyama vya zamani.

Itazame hoja hiyo kwa macho yako ya kazi. Wewe unajua kwamba mlango huanza kwenye karatasi au kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Unagawa mwimo, unapima mfaa, unapanga waridi na mnyororo ukingoni, na patasi inashikwa mwisho. Mfumaji naye ana mchoro wake, mfua fedha ana wake. Kama baba ni mchoro, basi watoto wake ni wengi kuliko watatu. Vasari alijua, kwa sababu yeye mwenyewe alichora mapambo ya kila namna. Lakini lengo halikuwa kuhesabu watoto wote. Lengo lilikuwa kuwatoa wachache dukani.

Waliolifanya jambo hili kuwa sheria kavu ni Wafaransa. Mwaka 1648, kikundi cha wachoraji na wachonga sanamu wa Paris, Charles Le Brun akiwa kinara wao, walipata idhini ya kuanzisha akademia ya kifalme. Mfalme Louis wa 14 alikuwa bado mtoto. Ugomvi wao ulikuwa na chama cha mafundi cha mji, kilichotaka kudhibiti nani achore na nani auze. Akademia ilishinda, ila kwa sharti lenye uzito: mwanachama hakuruhusiwa kufungua duka wala kutundika kazi zake dirishani ili wapita njia wanunue. Heshima ilipatikana kwa kufunga duka. Mwaka 1655 akademia ikapewa peke yake haki ya kufundisha kuchora mwili wa mtu kwa kumtazama mtu hai, na mchoraji asiyejua mwili hawezi kuchora picha kubwa za visa vya dini na vita. Mwaka 1667 mwandishi wake, André Félibien, akazipanga picha zenyewe kwa daraja: juu kabisa visa vya historia na dini, chini yake picha za watu, kisha wanyama, kisha mandhari, na mwisho matunda, maua na vyombo vilivyokaa mezani. Ikiwa hata bakuli lililochorwa liliwekwa chini, bakuli lenyewe lingewekwa wapi?

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Le Brun huyo huyo ndiye aliyewekwa kusimamia karakana za Gobelins, zilizofanywa mwaka 1667 kuwa karakana za samani za mfalme. Humo walikuwamo wafumaji wa mazulia ya ukutani, wafua fedha na maseremala wa samani, wote wakifuata michoro yake. Mtu aliyekuwa kinara wa akademia aliishi kwa kuchorea mafundi, na fahari ya Versailles, jumba la mfalme, aliitoa kwao kwa kiasi kile kile alichoitoa kwa wachoraji. Mpaka ulikuwa kwenye vyeti na malipo. Kazini watu waliuvuka kila siku.

London ilichelewa. Royal Academy, akademia ya kifalme ya sanaa ya Uingereza, ilianzishwa tarehe 10 Desemba 1768 kwa idhini ya Mfalme George wa Tatu, na rais wake wa kwanza alikuwa mchoraji Joshua Reynolds. Ndani ya miaka miwili, maonyesho yake ya kila mwaka yalikuwa yamepiga marufuku kazi za sindano, maua ya kutengenezwa, karatasi za kukatwa na mapambo ya kombe za baharini. Hizo ndizo kazi zilizofanywa zaidi na wanawake. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Baada yao hakuchaguliwa mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Hata wachongaji wa mabamba ya kuchapia picha, watu wenye mkono wa ajabu, walikaa karibu karne nzima bila kupewa uanachama kamili, kwa hoja kwamba wao hunakili tu.

Sasa majumba. Zamani hazina za wafalme wa Ulaya zilichanganya kila kitu: picha, saa, pembe zilizochongwa, vikombe vya vifuu vya nazi vilivyovikwa fedha. Louvre ilipofunguliwa kwa umma Agosti 1793, na National Gallery ilipoanza 1824 kwa picha 38 zilizonunuliwa na serikali kutoka kwa urithi wa John Julius Angerstein, mpangilio wa fikra za akademia ndio uliotawala. Jengo unaloliona Trafalgar Square lilifunguliwa 1838, na kwa miaka 30 ya mwanzo Royal Academy yenyewe ilikuwa ndani ya jengo hilo hilo, upande wa mashariki. Wenye kusema sanaa ni ipi na wenye kuitundika walipita ukumbi mmoja.

Na V&A? Hiyo ilizaliwa kwa hofu ya biashara. Katika miaka ya 1830 wabunge wa Uingereza waliona kwamba viwanda vyao vinazalisha vitambaa na vyombo vingi kuliko nchi yoyote, lakini wanunuzi wanapenda hariri na kauri za Wafaransa. Mwaka 1837 serikali ikafungua shule ya usanifu wa bidhaa, tena katika vyumba vya Somerset House ambavyo Royal Academy ilikuwa imevihama punde. Mwanzoni shule hiyo haikutakiwa kufundisha kuchora mwili wa mtu, wanafunzi wasije wakajiona wasanii wakakimbia viwanda. Ni sharti lililonihuzunisha nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanihuzunisha, kwa sababu lilimfungia kijana mlango kabla hajajua mkono wake unaweza nini. Shule hiyo leo ndiyo Royal College of Art.

Mwaka 1851 yakafanyika Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park, ndani ya jumba la chuma na vioo, na zaidi ya watu milioni 6 waliingia. Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye nguvu za ajabu, akatumia pauni 5,000 za serikali pamoja na washauri wenzake kununua vitu bora vya maonyesho hayo, vingi vikiwa vya India, na mwaka 1852 akafungua makumbusho ya bidhaa. Faida ya maonyesho ikanunua ardhi South Kensington. Makumbusho yakahamia huko 1857, na mwaka 1899 Malkia Victoria alipoweka jiwe la msingi la jengo jipya yakapewa jina la leo, Victoria and Albert Museum. Cole alitia taa za gesi ili vibarua na mafundi waweze kuingia jioni baada ya kazi. Aliweka hata chumba cha vitu alivyoviona vibaya, ili watu wajifunze kutonunua upuuzi, lakini wenye viwanda walilalamika na chumba kikafungwa. Kwa ukali wake wote, Cole alifanya jambo ambalo akademia hazikuwahi kulifanya: alijenga jumba kwa ajili ya fundi anayetaka kutazama kazi ya fundi mwenzake.

Vienna iliiga ikafungua yake 1864, Berlin ikafuata, Budapest, Hamburg, Oslo, Copenhagen, kila mji na shule au karakana zake pembeni. Sitakupitisha zote. Nitaje tu kwamba Gustav Klimt, ambaye picha zake za dhahabu umeziona hata kwenye kalenda, hakusoma katika akademia ya Vienna. Alisoma katika shule iliyoambatana na makumbusho ya sanaa za mapambo. Na mwaka 1919 msanifu majengo Walter Gropius, kule Weimar, Ujerumani, aliunganisha akademia ya sanaa na shule ya ufundi kuwa shule moja, Bauhaus, ambako mwanafunzi alipita karakana ya mbao, ya chuma na ya ufumaji. Utawala wa Nazi uliibana hadi ikafungwa 1933.

Paris ina kisa ambacho wewe, mtu wa milango, lazima ukijue. Mchonga sanamu Auguste Rodin alifanya mtihani wa kuingia shule kuu ya sanaa ya Paris mara tatu, akakataliwa mara tatu. Alikuwa amesoma katika shule ndogo ya uchoraji wa mapambo, na kwa miaka mingi aliishi kwa kazi ya vibarua wa mapambo: kuchonga nakshi za majengo, kuunda vinyago vya mezani katika karakana ya mtu mwingine, kisha kupamba vyombo vya kauri katika kiwanda cha serikali cha Sèvres. Agosti 1880, akiwa bado Sèvres, serikali ikampa kazi ya kutengeneza mlango wa shaba kwa ajili ya makumbusho ya sanaa za mapambo yaliyokuwa yakipangwa kujengwa Paris. Akachagua kisa cha Jehanamu alichokisoma kwa mshairi Dante. Makumbusho hayo hayakujengwa pale. Kiwanja kilikuwa na magofu ya jengo la serikali lililoungua 1871, na hatimaye kikajengwa stesheni ya reli. Rodin hakuacha. Aliendelea kuongeza na kuondoa miili midogo mlangoni, ikafika karibu 200, katika kazi yenye urefu wa zaidi ya mita 6, mpaka akafa 1917 bila kuuona mlango wake umemiminwa shaba.

Yule mtu aliyeinama, kidevu juu ya mkono, anayejulikana dunia nzima kama Mwenye Kufikiri, alianza kama umbo dogo juu ya mlango huo, pale ambapo wewe ungeweka nakshi za kizingiti cha juu. Stesheni ile leo ndiyo Musée d'Orsay, na kielelezo cha plasta cha mlango huo kimesimama ndani yake. Kwa hiyo sanamu ambayo watu huitaja kwanza wakiulizwa "sanaa ni nini" ilikatwa kutoka katika mlango ulioagizwa kwa jumba la sanaa za mapambo, na aliyeichonga ni mtu ambaye shule kuu ilimwona hafai. Mwaka 1914 Rodin aliipa V&A sanamu zake 18. Utazikuta.

Kuna jambo moja zaidi kabla ya ratiba yako, na hili linakugusa moja kwa moja. Mwenyeji wako amekosea pia aliposema kazi za aina yako ziko V&A. Kwa sehemu kubwa haziko. Makumbusho ya sanaa za mapambo yalikusanya Iran, Misri, India, China na Japani kwa hamu kubwa, lakini kazi za Afrika kusini mwa Sahara zilipelekwa kwingine, katika makumbusho ya mila na desturi za makabila. Mjini Berlin yalifunguliwa jumba la namna hiyo mwaka 1886, na vitu vingi vilivyochukuliwa Tanganyika wakati wa Wajerumani viliishia huko. Mjini London vilikwenda British Museum na kwingineko. Ethiopia ilivuka mpaka huo kwa njia ya uchungu: taji la dhahabu na kikombe vilivyotekwa Maqdala mwaka 1868, jeshi la Uingereza lilipomshinda Mfalme Tewodros, vilifika South Kensington 1872 na viko V&A mpaka sasa. Mimi nasema virudi kwa wenyewe, na sioni hoja ya kutosha ya kuvizuia.

Madhara ya kupangwa huko ni haya: kiti cha enzi cha mpingo na pembe kutoka pwani yetu huandikwa mahali kilikotoka na jina la aliyekitoa, basi. Aliyekitengeneza hayupo. Sasa linganisha na Paris. Katikati ya karne ya 18, chama cha maseremala, cha aina ile ile ambayo wanaakademia waliidharau, kiliwataka mafundi wakuu wagonge jina lao kwenye kila samani. Kwa sababu hiyo, baada ya miaka 250, tunajua meza hii ni ya Jean-Henri Riesener na ile ni ya mwenzake. Naomba usinichoke kwa ushauri ambao hukuuomba: chonga jina lako na mwaka kwenye kila mlango utokao kwako, hata nyuma ya mfaa ambako mteja haoni. Na la baba yako, kama unazitambua kazi zake zilizobaki mjini, liandike mahali pamoja na picha.

Kwetu Afrika Mashariki mafunzo ya akademia yaliingia kwa mlango wa Makerere. Mwaka 1937 Margaret Trowell, aliyesoma Slade, shule ya sanaa mjini London, alianza kufundisha sanaa huko Uganda. Hakuwalazimisha wanafunzi wapitie mwendo wa Ulaya wa kunakili sanamu za plasta za Kigiriki. Aliwasimulia kisa au mandhari, nao wakachora walichokiona moyoni. Pia alitunza vitu vya makumbusho ya Uganda, kwa hiyo ngoma, vibuyu na mikeka havikuwa mbali na fikra zake. Sam Ntiro wa Machame alipita kwake kabla ya kwenda Slade, na Elimo Njau, aliyekuja kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alipita Makerere vilevile. Shule hiyo mpaka leo inafundisha ufundi wa bidhaa na sanaa za kuchora chini ya paa moja.

Haya, siku zako mbili.

Siku ya kwanza yote mpe V&A, na kama inaangukia Ijumaa ni bora zaidi, kwa maana siku hiyo hufungwa usiku saa 4. Kuingia ni bure. Usianzie mlangoni ukafuata umati. Panda moja kwa moja hadi ghorofa ya sita, kwenye chumba cha samani kilichofunguliwa 2012. Chumba hicho hakikupangwa kwa wafalme wala kwa nchi. Kimepangwa zaidi kwa mbinu: viungo vya mbao hapa, uchongaji hapa, kukunja mbao, kupaka laki, kubandika mbao nyembamba za rangi. Tenga saa mbili, na uzunguke nyuma ya kila kitu unachoweza kuzunguka.

Shuka kwenye vyumba vya Uingereza utafute tai ya mchongaji Grinling Gibbons, ya karibu mwaka 1690. Ni tai ya shingoni ya lesi ya Venice, ila ni mbao tupu, mti laini wa Ulaya uitwao lindeni, imetobolewa mpaka unaona kila tundu la sindano. Mwaka 1769 mwandishi Horace Walpole aliivaa kuwapokea wageni wake. Tazama pale ambapo nyuzi zinapitana juu na chini, ujiulize alianza upande gani. Mimi siyo mchongaji, na kila nikisimama pale natamani angekuwapo mtu kama wewe kunieleza. Njiani utapita kitanda kikubwa cha Ware cha miaka ya 1590, upana zaidi ya mita 3. Miguu na nguzo zake zitakukumbusha samadari, japo mti ni mwaloni na nakshi zimejaa majani na nyuso za watu.

Kisha nenda chumba cha Kiislamu. Huko kuna mimbari nzima kutoka Cairo, iliyotengenezwa enzi za Sultan Qaitbay, aliyetawala kuanzia 1468 hadi 1496, mbao vipande vipande vimeunganishwa kuwa nyota na kujazwa pembe. Huna haja ya mtu kukueleza inatumikaje. Angalia namna vipande vilivyokatwa vidogo ili mbao iweze kutanuka na kusinyaa kwa joto bila kupasuka. Mbele yake, chini ya kioo, limelala zulia la Ardabil la Iran, urefu zaidi ya mita 10. Taa zake huwashwa dakika 10 kila saa kamili na kila nusu saa ili rangi zisififie, basi panga muda wako. Lina tarehe, inayolingana na 1539 au 1540 ya Miladi, na jina, Maqsud wa Kashan. Mwaka 1893 makumbusho yalilinunua kwa pauni 2,000 baada ya William Morris, msanifu wa mapambo, kuwasihi.

Usiache ukumbi wa Raphael. Zile karatasi saba kubwa kama kuta, wageni huzitazama kama picha, na ni picha kweli, lakini Raphael, mchoraji wa Italia, alizichora 1515 na 1516 kuwa vielelezo vya wafumaji wa Brussels. Papa Leo wa Kumi alikuwa ameagiza mazulia ya ukutani kwa ajili ya kanisa la Sistina; karatasi zikakatwa vipande virefu ili ziwekwe kwenye vitanda vya mfumi. Malipo ya kufuma, pamoja na hariri na nyuzi za dhahabu, yalizidi kwa mbali malipo ya mchoraji. Papa alipolipa, alikuwa analipia mazulia. Mwisho pita kumbi za nakala za plasta, zilizofunguliwa 1873, uone nakala ya milango ya Ghiberti kwa ukaribu ambao Florence hutaupata.

Siku ya pili asubuhi nenda Stratford, mashariki ya London, kwenye ghala la V&A lililofunguliwa kwa umma 2025. Huko kuna dari la Torrijos, la mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu, lililotoka katika kasri karibu na Toledo, Hispania, la miaka ya 1490. Jiometri yake ni ile ya mafundi Waislamu wa nchi ile, iliyobaki mikononi baada ya tawala zao kuanguka. Kaa chini yake mpaka shingo iume.

Mchana nenda National Gallery, nayo ni bure, na usiikwepe kwa sababu ya niliyoyasema, ni hazina. Tafuta picha ya mchoraji Botticelli ya Zuhura na Mirihi (Venus and Mars), ya karibu 1485. Ni ubao mrefu na mwembamba, na wahifadhi wenyewe wanaeleza kwamba yaelekea ulitengenezwa uwe sehemu ya samani, labda mgongo wa benchi au wa sanduku. Kisha tafuta picha ya altareni ya mchoraji Carlo Crivelli ya 1476: funguo alizoshika Petro hazikuchorwa tu, zimeinuliwa kutoka ubaoni kama kazi ya mchongaji. Ukimaliza hizo mbili, mpigie simu mwenyeji wako umwambie aje azione nawe.

Kabla hujasafiri, ingia kwenye tovuti ya V&A. Ghala la Stratford lina utaratibu wa kuomba kuonyeshwa vitu maalumu kutoka kwenye rafu, ukakaa navyo mezani pamoja na mhudumu, ila lazima uombe mapema. Omba vipande vya mbao zilizochongwa, vya Gujarat na vya Cairo, uviweke karibu na picha za milango yako kwenye simu. Beba daftari na penseli, maana kuchora kwa penseli kunaruhusiwa, wino hapana. Na beba rula fupi ya karatasi. Ya chuma watakuzuia usiisogeze karibu na kitu.